Mbuzi kwenye gunia: mikataba ya chanjo za UVIKO-19 ya Afrika Kusini na gharama ya bei za siri

Tarehe 17 Desemba 2020, Eva De Bleeker, aliyekuwa waziri mdogo wa bajeti wa Ubelgiji, aliweka kwenye ukurasa wake wa Twitter jedwali dogo lililoonyesha bei ambazo Umoja wa Ulaya ulikubali kulipa kwa kila dozi ya chanjo sita za UVIKO-19. Chanjo ya Oxford na AstraZeneca ilikuwa yuro 1.78, ya Johnson & Johnson dola 8.50 za Marekani, ya Pfizer na BioNTech yuro 12, na ya Moderna dola 18. Jedwali liliondolewa muda si mrefu baadaye, kwa kuwa bei hizo zilikuwa siri kwa mujibu wa mikataba yenyewe, lakini nakala zake zilikuwa zimeshasambaa. Nchi ambazo zilikuwa bado zinajadiliana na watengenezaji zikapata, kwa bahati tu, kipimo cha kujilinganisha nacho.

Mwezi uliofuata serikali ya Afrika Kusini ilitangaza kwamba ingepokea dozi milioni 1.5 za chanjo hiyo hiyo ya AstraZeneca, zilizotengenezwa na Serum Institute of India. Afisa mwandamizi wa Wizara ya Afya alipoulizwa bei, alitaja dola 5.25 kwa dozi. Yuro 1.78 za Ulaya wakati huo zilikuwa sawa na takriban dola 2.16. Maelezo ambayo nchi ilipewa, na ambayo afisa huyo aliyarudia hadharani, yalikuwa mawili: kwamba Afrika Kusini imo katika kundi la nchi za kipato cha kati cha juu kwa vipimo vya Benki ya Dunia, na kwamba nchi tajiri zilipata nafuu kwa sababu zilichangia gharama za utafiti. Maelezo ya kwanza yanashangaza, kwa kuwa nchi zilizolipa kidogo zaidi zilikuwa na kipato kikubwa zaidi. Ya pili yanauma, kwa sababu Afrika Kusini nayo ilichangia. Majaribio ya chanjo hiyo yalianza nchini humo Juni 2020 chini ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, na watu wapatao elfu mbili walijitolea kuchomwa sindano ambayo usalama na nguvu yake vilikuwa bado havijathibitishwa. Mchango wa mwili haukuingizwa katika hesabu ya bei.

Kisa hiki kinastahili kuchambuliwa kwa kina kwa sababu ni mojawapo ya machache ambamo mikataba ya siri ya ununuzi wa chanjo ilikuja kufunguliwa yote na mahakama, neno kwa neno, kiasi kwamba msomaji anaweza kuona usiri ulifanya kazi gani katika kila hatua. Kinaonyesha pia mpaka wa uwazi wenyewe, jambo ambalo watetezi wake, nikiwemo mimi, hatulisemi mara nyingi inavyopasa.

Bei inavyofichwa

Katika soko la dawa kuna bei ya kwenye orodha na kuna bei halisi, yaani ile inayobaki baada ya punguzo, marejesho na nyongeza za kila aina kuhesabiwa. Muuzaji anazijua bei halisi zote, kwa kuwa ndiye aliyetia sahihi na kila mnunuzi. Mnunuzi anaijua yake peke yake. Anapoambiwa kwamba amepewa bei nzuri kuliko wengine, hana njia ya kuhakikisha, na kifungu cha usiri katika mkataba wake kinamzuia hata kumuuliza jirani yake, kwa kuwa jirani naye amefungwa mdomo na kifungu kama hicho.

Watengenezaji wana hoja yao, na si ya kupuuzwa. Wanasema usiri unawawezesha kuziuzia nchi maskini kwa bei ya chini bila nchi tajiri kudai bei hiyo hiyo. Bei zote zikiwekwa wazi, wataelekea kwenye bei moja ya kati ambayo maskini hataimudu. Katika nadharia jambo hilo linawezekana. Ili hoja isimame, hata hivyo, ni lazima punguzo liwe kweli linashuka kuelekea kwa asiye nacho, na usiri ndio unaomzuia mtu wa nje kuthibitisha kama linashuka au linapanda.

Tarehe 28 Mei 2019 Baraza la Afya Duniani, chombo kikuu cha maamuzi cha Shirika la Afya Duniani, lilipitisha azimio nambari 72.8 kuhusu uwazi wa masoko ya dawa, chanjo na bidhaa nyingine za afya. Pendekezo lilianzishwa na Italia, na miongoni mwa nchi zilizoliunga mkono kama wadhamini zilikuwemo Kenya, Uganda na Afrika Kusini. Uingereza, Ujerumani na Hungary zilijitenga nalo. Azimio linazihimiza serikali kutangaza bei halisi zinazolipa. Ni himizo, si amri, na udhaifu huo ulionekana mapema: miezi ishirini baadaye nchi moja katika wadhamini wake ilikuwa inatia sahihi mikataba iliyokataza jambo lile lile ililolidhamini.

Afrika Kusini, tukumbuke, haikuwa ngeni katika uwazi wa bei. Tangu mwaka 2004 soko lake la dawa la watu binafsi linaendeshwa kwa utaratibu wa bei moja ya kiwandani inayotangazwa kwa kila dawa, na bei za zabuni za hospitali za umma huchapishwa na wizara. Katiba yake, kifungu cha 217, inataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wenye usawa, wa wazi, wa ushindani na wenye kuzingatia gharama. Kwa hiyo mikataba ya chanjo ilihitaji nchi iache mazoea yake yenyewe na kuvuka sharti la katiba yake, na ilifanya hivyo kwa sababu iliogopa kukosa chanjo kabisa wakati watu wake wanakufa.

Yaliyokuwemo ndani

Hofu hiyo ndiyo ufunguo wa kuisoma mikataba yote. Mwanzoni mwa mwaka 2021 dozi zilikuwa chache, nchi tajiri zilikuwa zimeshaagiza mapema kupita mahitaji yao, na Afrika Kusini haikuwa katika kundi la nchi 92 zilizostahili kupewa dozi za ruzuku kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo. Wajumbe wake waliketi mezani wakijua kwamba mwenzao anaweza kuondoka na wao hawawezi. Aprili 2021 waziri wa afya wa wakati huo, Zweli Mkhize, aliieleza kamati ya bunge kwamba baadhi ya masharti ya watengenezaji yalikuwa mazito na yasiyo na mantiki; mojawapo, kwa maelezo yake, lilikuwa Johnson & Johnson kutaka barua ya waziri wa biashara ya kuunga mkono uwekezaji wa kampuni hiyo nchini. Bunge liliambiwa hayo kwa muhtasari. Mikataba yenyewe haikuwekwa mezani.

Ilipotoka, Septemba 2023, ilionyesha yafuatayo. Serum Institute ililipwa dola 5.35 kwa dozi, senti kumi zaidi ya kiasi kilichotajwa hadharani Januari 2021. Johnson & Johnson ililipwa dola 10 kwa dozi, pamoja na malipo ya awali ya dola milioni 27.5 yasiyorejeshwa. Pfizer nayo ililipwa dola 10 kwa dozi, ikitanguliziwa dola milioni 40 ambazo nusu yake tu ndiyo iliyoweza kurudishwa endapo chanjo isingepatikana. Katika makubaliano na Gavi, muungano wa kimataifa wa chanjo, kwa ajili ya COVAX, makadirio yalikuwa dola 10.55 kwa dozi. Kwa hesabu za Health Justice Initiative, shirika lililopigania kufunguliwa kwa nyaraka hizo, jumla ya ahadi za nchi ilifikia dola milioni 734. Kwa fedha zote hizo, nchi haikupewa uhakika wa tarehe za kupokea mzigo.

Hesabu ndogo inasaidia kuona uzito wa jambo. Shirika la habari la Reuters liliripoti Januari 2021 kwamba mpango wa pamoja wa Umoja wa Afrika uliahidiwa chanjo ya Serum Institute kwa dola 3. Kwa dozi milioni 1.5, tofauti kati ya dola 3 na dola 5.35 ni zaidi ya dola milioni 3.5; ukilinganisha na bei ya Ulaya, tofauti inakaribia dola milioni 4.8. Pfizer, kwa ripoti hiyo hiyo, ilikuwa dola 6.75 kwa Umoja wa Afrika.

Hapa lazima tuwe waangalifu, kwa sababu namba zilizovuja zina tabia ya kuwapumbaza hata wenye nia njema. Umoja wa Ulaya uliagiza mamia ya mamilioni ya dozi za AstraZeneca na uliagiza mapema. Afrika Kusini iliagiza milioni 1.5 na ilichelewa. Wingi wa oda na muda wa kuagiza vinaweza kuhalalisha sehemu ya tofauti. Aidha, Pfizer iliitoza Ulaya yuro 12, zaidi ya Afrika Kusini, na dola 10 za Johnson & Johnson ndizo hizo hizo zilizoripotiwa kwa Umoja wa Afrika, ingawa Ulaya ilipata kwa 8.50 na kampuni ilikuwa imetangaza kwamba haitafuta faida katika kipindi cha dharura. Picha kamili basi haisemi kwamba kila mtengenezaji alimtoza maskini zaidi ya tajiri. Inasema kwamba hapakuwa na kanuni yoyote inayoonekana, kwamba wakati mwingine mteremko wa bei ulielekea juu badala ya chini, na kwamba mnunuzi hakuwa na njia ya kujua yuko upande gani wa mteremko huo. Hoja ya punguzo la siri kwa maskini ilipata nafasi ya kujithibitisha, na haikujithibitisha.

Usiri haukufunika bei peke yake. Chanjo ya Johnson & Johnson ilikuwa ikijazwa kwenye vichupa na kufungashwa katika kiwanda cha Aspen huko Gqeberha, Afrika Kusini kwenyewe. Agosti 2021, wakati sehemu kubwa ya wananchi walikuwa bado hawajachanjwa na wimbi la tatu likiendelea, ilifichuka kwamba dozi kutoka kiwanda hicho zilikuwa zinapelekwa Ulaya, na kwamba serikali ilikuwa imekubali katika mkataba kuachia haki yake ya kuzuia mzigo usitoke nchini. Mfungashaji wa Gqeberha alikuwa anayafunga makasha yaliyopita mbele ya mji wake kwenda ng'ambo, na kifungu kilichoruhusu hilo hakuna mwananchi aliyekuwa amekisoma. Ilipojulikana, kelele zilikuwa kubwa, na mwanzoni mwa Septemba Strive Masiyiwa, mjumbe maalumu wa Umoja wa Afrika, akatangaza kwamba utaratibu huo umesitishwa. Tukio hilo naliona kuwa ushahidi wenye nguvu kuliko ule wa bei: kifungu kilichodumu kwa miezi gizani hakikudumu hata mwezi mmoja kilipoanikwa.

Miaka miwili ya kudai

Afrika Kusini ina sheria ya upatikanaji wa taarifa ya mwaka 2000, iliyotungwa kutekeleza haki iliyomo katika kifungu cha 32 cha katiba. Health Justice Initiative, likiongozwa na mwanasheria Fatima Hassan, lilitumia sheria hiyo mwaka 2021 kuiomba wizara mikataba yote ya chanjo pamoja na kumbukumbu za majadiliano. Wizara ilikataa, na mwaka 2022 shauri likafika Mahakama Kuu ya Pretoria.

Utetezi wa wizara ulisimama juu ya vifungu vya usiri: nchi imeahidi kutofichua, kufichua kutakuwa kuvunja ahadi, na siku za mbele watengenezaji watasita kujadiliana nayo. Tarehe 17 Agosti 2023 Jaji Anthony Millar aliutupilia mbali utetezi huo na kuiamuru wizara ikabidhi nyaraka ndani ya siku kumi. Kiini cha suala, kwa jinsi ninavyouelewa uamuzi huo, ni rahisi kukieleza ingawa ilichukua miaka miwili kukifikia: serikali haiwezi kujivua wajibu wa kikatiba kwa kutia sahihi karatasi na mtu binafsi. Kama ingeweza, haki ya wananchi ya kupata taarifa ingekuwa na nguvu pale tu muuzaji anaporidhia.

Nchi hiyo ina kumbukumbu ya zamani inayofanana na hii. Kampuni 39 za dawa ziliishtaki serikali ya Nelson Mandela Februari 1998 kwa sababu ya sheria iliyolenga kupunguza bei za dawa. Kesi iliposikilizwa mwaka 2001, Treatment Action Campaign, shirika la wanaharakati wa matibabu ya UKIMWI, iliruhusiwa kuingia kama rafiki wa mahakama, yaani asiye mhusika wa kesi anayeruhusiwa kutoa hoja, na hoja zake ziliziweka kampuni katika hali ya kutakiwa kueleza kwa ushahidi gharama na bei zao. Tarehe 19 Aprili 2001 kampuni zikaiondoa kesi. Zilikuwa na sababu zaidi ya moja, na aibu mbele ya dunia ilikuwa kubwa kati ya hizo. Ila sioni kama ni bahati mbaya kwamba ziliondoka wakati vitabu vilipokaribia kufunguliwa.

Uwazi ungebadilisha nini?

Tuulize sasa swali gumu. Wajumbe wa Afrika Kusini wangekuwa na jedwali la bei zote za dunia mezani mwao Januari 2021, je, wangelipa kidogo? Jibu la uaminifu ni kwamba pengine si sana. Jedwali la De Bleeker lilikuwa limeshavuja na walijua kuhusu dola 2.16, lakini walisaini kwa 5.35. Bei ilitokana na uhaba, na uhaba ulitokana na viwanda kuwa vichache na haki za hataza, yaani haki za pekee za kutengeneza na kuuza uvumbuzi, kuwa mikononi mwa wachache. Anayejua kwamba anapunjwa lakini hana duka lingine la kwenda bado atalipa.

Hata mzigo wenyewe haukutumika ulivyokusudiwa. Dozi milioni ya kwanza zilitua Februari 1, 2021. Februari 7 serikali ikasitisha matumizi yake, kwa kuwa majaribio yale ya Witwatersrand yalionyesha kwamba zilitoa kinga ndogo dhidi ya ugonjwa wa kiasi ulioletwa na kirusi cha aina ya Beta kilichokuwa kimetawala nchini. Dozi ziliuzwa kwa nchi nyingine za Afrika. Matokeo ya majaribio yalitangazwa upesi, wazi, na watafiti wenyewe, na uamuzi ukafuata ndani ya saa chache. Taarifa za kitabibu zilisafiri kwa siku, taarifa za bei zikasafiri kwa miezi thelathini na moja.

Kwa hiyo ninaloamini baada ya kukipitia kisa hiki ni kwamba wakati wa kufichua una uzito sawa na kufichua kwenyewe. Mkataba uliofunguliwa mwaka 2023 uliwafundisha wasomaji mengi, lakini haukurudisha senti moja wala kuleta dozi moja mapema. Uwazi unaookoa fedha ni ule unaotangulia sahihi: bei za wengine zikijulikana kabla ya majadiliano, vifungu vya usiri vikikataliwa na wanunuzi kwa pamoja ili asiwepo wa kuadhibiwa peke yake, na bunge likiona masharti wakati bado yanaweza kubadilishwa. Inahitajika pia njia ya pili ya kupata dawa, kwa sababu namba pekee haijadiliani.

Dawa ya kifua kikuu iliyokuwa na bei ya wazi

Nafasi ya kulipima jambo hili ilijitokeza karibu wiki zile zile mikataba ilipokuwa inatolewa. Bedakwilini ni kidonge ambacho kimebadilisha kabisa matibabu ya kifua kikuu sugu. Kabla yake wagonjwa wengi walidungwa sindano kwa miezi kadhaa, na sindano hizo ziliwaacha baadhi yao viziwi. Mtengenezaji wake ni Johnson & Johnson. Mwishoni mwa Agosti 2023 mfuko wa ununuzi wa dawa za kifua kikuu unaoendeshwa na ubia wa Stop TB ulitangaza kwamba kampuni hiyo itauuzia dozi ya miezi sita kwa dola 130. Afrika Kusini hununua kwa zabuni yake yenyewe, na kwa kuwa bei za zabuni zake huchapishwa, wanaharakati waliweza kuziweka namba mbili pamoja siku hizo hizo: nchi ilikuwa inalipa zaidi ya mara mbili.

Hawakuhitaji mahakama wala kusubiri miaka miwili. Tarehe 15 Septemba 2023 Tume ya Ushindani ya Afrika Kusini ilitangaza kwamba inaichunguza kampuni hiyo kwa kutoza bei ya kupindukia. Kilichokuwa tofauti na chanjo si bei ya wazi tu, kwa kuwa palikuwa na watengenezaji wa India walio tayari kuuza dawa hiyo hiyo mara hataza itakapowapisha, na palikuwa na chombo chenye mamlaka ya kisheria ya kuuliza. Julai 2024 tume ilifunga uchunguzi baada ya kampuni kukubali kuipunguzia Afrika Kusini bei kwa takriban asilimia 40 na kutoitumia hataza yake iliyobaki kuwazuia washindani. Miezi kumi ilikuwa imepita tangu namba zile mbili ziwekwe upande kwa upande.